Mugulu ya Mugomba

Mwezi iliyopita tulizika Papa Cirhuza kule Bagira, na miye karibu banifukuze ku matanga. Bwana mumoja wa kostime na kravati alikuwa anasoma karatasi ya kumusifu marehemu, akafika penye migulu ya bandia ya mugomba, akasema ati Papa alileta ile ufundi kutoka Ulaya, kwa masomo yake ya juu. Ulaya gani? Papa Cirhuza alikuwa anaogopa hata mashua ya kwenda Goma. Nikasimama na kidole mu hewa: «Uongo! Ilitoka Cimpunda!» Bamaman babili bakaniketisha kwa nguvu, mumoja ku bega hii, mwingine ku bega ile. «Nsimire, kamata kinywa yako, apa ni kilio.» Basi nikakamata. Nilikamata siku ile, nikakamata juma ile yote, na batu benye kunijua banajua vile inaniuma tumbo. Sasa nimechoka. Naandika hii juu sitaki uongo ilale kaburini na ule muzee, na juu kuko bingine mu hii hadisi hata yeye hakunisema kwa batu, na angeweza kunisema.

Ile mwaka nilikuwa na miaka kumi na kenda. Ilikuwa mwaka ya corona. Batu bengi ba Bukavu bakiikumbuka banasema mupaka ya Ruzizi ilifungwa, masomo ilifungwa, kanisa ilifungwa. Miye nakumbuka chumba moja ya mbao kule juu kabisa Cimpunda, penye hata pikipiki haifike, na rafiki yangu Wabiwa ndani yake, amekaa ku kitanda, mugulu moja inagusa chini na ingine inaishia chini ya goti. Jiwe ya machimbo kule Kamituga njo ilimuharibia ile mugulu. Balimuleta mu muji, daktari akakata penye kulikuwa kunaoza, akapona. Mama yake akapanga ile chumba juu kodi yake ilikuwa rahisi, na ilikuwa rahisi juu ya ile mulima. Miye nilikuwa nakaa chumba ya kando. Kati yetu ukuta ya mbao, na mu mbao tundu ya kuenea kijiko. Siku ya kwanza aliniomba chumvi, nikapitisha chumvi ku kijiko, nikaanza kuongea, na sikunyamaza tena. Kiisha mwezi moja nilikuwa nakula kwao, nalala kwao, nagombana kwao. Mama yake, tulikuwa tunamuita Maman Wabiwa, yeye Mulega na miye Mushi, alikuwa anasema: «Huyu Mushi ataongea mupaka mugulu iote.»

Mutu asiyejua Cimpunda hatasikia maana ya kufungwa. Njia ya kushuka ni ngazi ya udongo, batu balikata ku mulima na majembe, bakatia mifuko ya muchanga penye kunabomoka. Mu jua unashuka. Mu mvua ile udongo inakuwa sabuni. Wabiwa alijaribu na fimbo zake mbili juma ya kwanza. Akateleza mupaka ku mulango ya choo ya jirani, fimbo moja ikavunjika, akarudishwa ku mugongo ya mutu. Toka ile siku hakushuka tena peke yake, miezi saba. Dirisha yao ilikuwa inaangalia manjanja, ile mabati ya nyumba ya jirani, karibu sana, unaweza kuigusa na mukono, na mvua ikipiga hapo hamusikilizane. Alikuwa anajua dunia na masikio. Anajua nani anapita kwa kikohozi yake, anajua maji imetoka ku robine kwa makelele ya mabido ya plastike ya kuchotea. Upande ya pili kulikuwa Papa Jules, mubebaji wa mifuko ya sima ya kujengea, na bibi yake, na balikuwa teatre yetu. «Jules, weka kashne ku kinywa, bapolisi ba corona batakushika!» «Kashne ya nini? Hii sura hata corona inaiogopa.» «Njo kweli ya kwanza umesema tangu unioe.» Wabiwa anauma muto ili basisikie anacheka. Leo nikikumbuka ile kicheko ya ndani ya muto, naona sasa ilikuwa kicheko ya mufungwa, ya mutu mwenye hana haki ya kufanya makelele kwa maisha ya bengine. Ile wakati niliona ni furaha tu. Nilikuwa natoka ku kazi, napanda ule mulima nakimbia, juu najua iko mutu ananingoja na hawezi kuwa pengine.

Yeye alikuwa anataka kitu moja. Alikuwa anaisema akila, anaisema akisuka nywele yangu: «Nitarudi kwetu Mwenga na migulu yangu. Nilitoka kule ku kipoyi, batu bane bananibeba, na mugini yote bananiangalia sawa maiti. Sirudi ku mugongo ya mutu.» Na kwao, penye lori inakuacha, unatembea tena toka asubui mupaka jua iko juu ya kichwa. Hapana njia ya fimbo mbili. Ilikuwa lazima mugulu.

Na miye nilikuwa nafanya kazi mu atelye, karakana ya migulu ya bandia, njo maana niliona Mungu alinituma. Nilikuwa nafagia. Papa Cirhuza alikuwa anachukua sura ya kisiki ya mugulu ya mutu na plaster, anafunika ile sura na nguo ya vioo, nyuzi nyeupe nyembamba zilizosukwa, anamwanga juu yake rezini, gundi nzito, na ikikauka inakuwa kikombe ngumu, nyepesi, na kisiki inaingia ndani. Ile nguo ilikuwa inatoka mbali na inapitia Kigali. Proje iliyokuwa inaileta ilimalizika mwezi ya pili, mupaka ya Ruzizi ikafungwa mwezi ya tatu, na tulibaki na pipa ya rezini bila kitu ya kuishika. Rezini peke yake ni bure, inapasuka sawa bilauri. Batu kumi na mbili balikuwa ku liste. Wabiwa alikuwa wa kumi na mbili.

Miye sikumaliza masomo. Nilisoma ku telefone yenye kioo ya kupasuka, Kifaransa kidogo kidogo, neno moja na diksionere, neno ingine na hasira. Siku moja nikamuendea Papa, akiwa anakunywa chai. «Papa, kuko batu banatia nyuzi ya mugomba mu rezini.»

«Batu gani?»

«Ba ku telefone.»

«Na balifanya mugulu?»

«Hapana. Mulango ya motokari.»

«Motokari haipande Cimpunda.»

«Basi mugulu itaishinda.»

Alikuwa mutu mufupi, wa miwani ya kufungwa na waya, na kicheko yake ilikuwa inaanzia ku mabega. Akacheka. Akanipa meza moja kule nyuma na akasema nisimuunguzie atelye.

Migomba ya Bagira, batu bakisha kukata ndizi, ile shina banaitupa kwa mbuzi. Nilikuwa naleta mashina ku kichwa, napasua moja moja, nakwangua na kisu butu ku ubao mupaka nyama na maji itoke na nyuzi zibaki, ndefu, zinang'aa sawa nywele ya muzungu. Nilikuwa mwenye kiburi kabisa. Lakini nyuzi mbichi iko na utomvu na gundi yake, na rezini haipende. Nilitengeneza kibao ya kwanza, ikakauka, nikaivunja na mikono: nyuzi zikatoka zote safi, sawa hazikulala na rezini hata siku moja. Ku telefone balisema lazima zioshwe na soda kali, ile bamaman ba sabuni banatumia. Nikaitafuta. Inafanya kazi mbio, siwezi kusema uongo. Asubui moja na nyuzi zikakuwa nyeupe. Ngozi ya vidole yangu pia ikatoka. Na ile maji yake, penye niliosha nyuzi kwetu, niliimwanga mu mufereji, sikuwaza. Mufereji inashuka kwa Maman Furaha, jirani ya chini. Mboga yake ya lengalenga ilikauka yote, na bata zake mbili zilikunywa zikafa. Alishuka mupaka ku atelye na zile bata mu mikono, moja huku, moja huku, akaziweka ku meza ya Papa Cirhuza mbele ya bagonjwa, akarudi. Papa akaangalia zile bata, akaangalia vidole yangu. Akachukua ile soda yenye ilibaki akaifungia mu kabati. «Kama dawa ya nyuzi inaua bata ya jirani, mwenye kuvaa ile mugulu atapita mu parsele ya jirani gani? Tafuta ingine.»

Nikawaza maji ya majivu. Nyanya yangu alikuwa anafulia nayo nguo, na iko kali kidogo, hapana sana. Na majivu ya mbabula, zile jiko za makala, Cimpunda iko mingi kuliko batu! Nilipita nyumba kwa nyumba na bido, «Maman, nipeko majivu ya mbabula,» na bananicheka, «Nsimire amekuwa mupadri, anatayarisha Jumatano ya Majivu.» Bananipa. Nilichanganya na maji, nikalowesha nyuzi siku tatu, nikasafisha, nikaanika. Zilikuwa laini, zilikuwa nzuri kwa macho. Kibao ya kupima nilifanya moja tu, ndogo, nikaikunja kidogo, haikuvunjika, nikaimba. Papa alisema tungoje, tupime tena, tuiweke mu maji, tuipige. Nilimuambia: «Papa, yeye hangoje, yeye anaoza mu ile chumba.» Nilimuchosha na kinywa mupaka akakubali.

Papa Jules alimushusha Wabiwa ku mugongo. Alikuwa mutu muzuri, alikuwa anatania njia yote, «Sima inalipa muzuri kuliko weye, na haivute masikio yangu,» lakini miye nilikuwa nyuma nikaona Wabiwa alifunga macho tangu mulango yetu mupaka ku atelye. Batu kando ya njia bakisema pole, anayafunga zaidi. Tulichukua sura, tukatengeneza, tukangoja, na siku ile ingine akashuka tena vile vile, macho imefungwa, akavaa. Nguzo mbili za kushikilia. Hatua moja, mbili. Mama yake anaomba Mungu na Kilega. Ku hatua ya saba nikasikia mulio, ndogo, sawa mutu anapasua karanga. Ile kikombe ilifunguka kama kitunguu, ganda juu ya ganda, na Wabiwa akaanguka na uso.

Nitasema sasa kile nilifanya, juu nilisema nitaandika yote. Damu ilikuwa inamutoka mu pua, na miye, pahali ya kumupanguza, niligeukia Papa Cirhuza. Nilimuambia alitia kitu mu rezini ili pipa itoshe mwaka muzima. Nilimuambia anafanyia bamasikini migulu ya maji. Nilimuita muizi, mbele ya bagonjwa benye kumungojea, mbele ya bibi yake. Mutu mwenye alinipa meza. Alitoa miwani, akaipanguza na blouse yake ya kazi, na bila miwani macho yake yalikuwa madogo na ya kuchoka. «Enda nyumbani, Nsimire. Siku utajua penye kosa iko, utarudi.»

Njo nikaingia mu kifungo na miye. Sikuwa tena na kazi ya kushukia. Mvua ya mwezi ya kumi ilianza, na siye batatu mu chumba moja, bugali na sombe, majani ya muhogo, mu sahani moja, samaki ndogo za sambaza siku Mungu ametukumbuka. Wabiwa hakunilaumu. Hiyo njo ilikuwa mbaya. Alikuwa anageukia ukuta na anafuata mbao na kidole, kutoka tundu ya kijiko mupaka ku kona, na kurudi. Miye nilikuwa naongea: nitamuonyesha yule muzee, nitaenda kwa wakubwa, nitaandika. Maman Wabiwa alikuwa anatwanga sombe yake ya kuuzisha, anakubali na kichwa, na siku moja akachoka na miye. Akasimama, akaenda ku bido yangu ya maji ya majivu iliyobaki ku mulango, akatia kidole, akaonja. Akatema.

«Hii ni majivu ya nini?»

«Ya mbabula, maman.»

«Mbabula ya nani?»

«Ya batu bote.»

«Na batu bote, makala yao banawasha na nini?»

Mutu yote wa Bukavu anajua. Tunawasha makala na sashe. Unafunga sashe ya plastike ku kijiti, unawasha, inatiririka juu ya makala, tone kwa tone, na moto inashika. Asubui yote Cimpunda inanuka ile harufu mupaka hatuisikie tena. Tia na mawese yenye inamwangika toka ku sufuria. Yote ilikuwa mu majivu yangu. Nilikuwa nimevalisha nyuzi yangu koti ya plastike na mafuta, kiisha nauliza juu ya nini rezini inateleza.

«Kwetu,» akasema Maman Wabiwa, «nyanya yangu alikuwa anatengeneza chumvi ya majani, mbele chumvi ya muduka ifike. Ile moto yake hakuna mutu anapikia. Hakuna mutu anachukua kijinga ya moto hapo. Ukija kuomba moto, anakufukuza hata kama weye ni chifu. Majani moja, moto moja, majivu moja. Weye ulipika supu ya taka, na ukatukana muzee wa batu.»

«Na tangu ile siku uko unajua?»

«Tangu leo, niliposikia harufu. Na kama ungenyamaza dakika tano ungeisikia pia, iko ku pua yako.»

Alinifundisha vile nyanya yake alimufundisha. Tulikata bido ya zamani chini, tukaigeuza, tukatia nyasi ku shingo yake, na juu ya nyasi majivu ya maganda ya ndizi, makavu, tuliyochoma peke yake nyuma ya nyumba, ku moto yetu, na nilisimama hapo na fimbo kufukuza majirani, «Hapana kuchukua hapa! Hii ni moto ya mugulu!» Unamwanga maji juu, kidogo kidogo, inapita, inatoka chini tone kwa tone, rangi ya chai. Ya kwanza chafu unaitupa. Ile inafuata unaipima ku vidole: ikiteleza sawa sabuni, iko tayari. Nyuzi zinalala ndani siku tano, hapana mbio mbio, kiisha unazisafisha na maji mingi na ndimu kidogo mupaka ile utelezi iishe. Na ile maji ya mwisho niliimwanga kwanza ku lengalenga yangu mwenyewe, mu basani. Nikangoja juma moja. Lengalenga ikaendelea. Njo nikathubutu kumwanga kando ya mufereji ya Maman Furaha, na alikuwa amesimama ku mulango yake, mikono ku kiuno, ananiangalia.

Nilishuka ku atelye na furushi ya nyuzi chini ya kwapa. Bagonjwa walewale balikuwa ku banki, benchi ya kungojea. Papa Cirhuza hakunyanyua kichwa.

«Ulikuya na kinywa ao na nyuzi?»

«Na yote mbili, Papa.»

«Anza na nyuzi.»

Alizivuta, akazinusa, akanisikiliza penye nilieleza juu ya sashe na ile moto ya chumvi. Tulitengeneza vibao sita. Hiyo mara tulipima yote: tukaloweka, tukaanika ku jua, tukapiga na nyundo, tukapigilia musumari. Ile musumari ilipinda. Kile kibao kilivunjika mwishoni, kilivunjika na nyuzi ndani, kila uzi ulikatika penye iko, hakuna hata moja ilitoka nzima. Akapitisha kidole ku ile penye kuvunjika. «Hizi zinakufa pamoja,» akasema, na kwa ule muzee hiyo ilikuwa sifa kubwa. Kiisha: «Na kinywa?»

«Kinywa inaomba samahani, Papa.»

«Siku ile ilikuwa na sauti kubwa.»

Basi nikaomba samahani na sauti ile ile, mbele ya bote, mupaka batu ba inje bakachungulia. Muzee mumoja ku banki akapiga mikono. «Huyu mutoto,» akasema, «hata samahani yake ni vita.»

Ningependa kuishilia hapo. Mu matanga, kama bangeniacha niseme, ningeishilia hapo, na batu bangecheka, na Papa angebaki na heshima yake. Lakini kulibaki nyuzi za mugulu yenyewe, za Wabiwa, zile nzuri kupita zote. Nilizitengeneza mwenyewe, na nikazianika mu chumba yao, ku kamba chini ya manjanja, juu kabisa ya kitanda, maana inje kulikuwa mvua. Siku ya ine zilikuwa zimekauka. Nilizigusa nikajua. Na Wabiwa, chini yake, ku kitanda, akaniuliza: «Bado?» Nikaangalia ule uso wenye niliupenda kuliko ya ndugu zangu, nikaona lori ya Mwenga, nikaona hii chumba bila yeye, na ukuta bila mutu nyuma ya tundu. Nikasema: «Bado. Ziko na maji ndani.»

Nilisema bado kesho yake. Nilisema bado juma mbili, karibu tatu. Kila asubui napanda ku kiti, nazishika, natikisa kichwa sawa daktari. Batu bananisifu, ati Nsimire anapenda sawa mbwa, haache mutu. Ni kweli siachake mutu. Ile mwaka njo nilijua kama kutoacha mutu inaweza kuwa mulango ya kufungwa, na funguo iko mu mufuko yangu miye, na naimba nikipika. Sikujiita muongo. Nilijiambia ni mvua, nilijiambia afazali kungoja kuliko aanguke tena, na hiyo sababu ilikuwa nzuri sana, hakuna mutu angeweza kuigombania. Mugulu ya kwanza ilivunjika juu nilikuwa mbio. Ya pili ilikuwa inalala ku kamba juu sikutaka.

Papa Cirhuza alipanda mwenyewe. Na ile moyo yake ya mugonjwa, na kashne ku kidevu, akapumzika ku kila mufuko ya muchanga. Maman Wabiwa akamupa sombe, akakula pole pole, akasifu mawese. Kiisha akanyoosha mukono, akashika uzi moja juu ya kitanda, akaukunja karibu ya sikio. Ukalia: tik. Uzi wenye maji hausemi. Akaniangalia, na nikaona anajua yote, tangu siku ya ine. Wabiwa alikuwa anatuangalia siye babili.

«Kweli,» Papa akamuambia Wabiwa, «mwaka hii mvua iko mingi.» Akasimama, akatafuta kofia. Ku mulango akasema bila kugeuka: «Siku ya kwanza ya juma nataka hizi nyuzi ku meza yangu, Nsimire. Zikauke ao zisikauke.»

Tukatengeneza mugulu. Ilikuwa rangi ya asali, na ukiiangalia ku jua unaona nyuzi ndani, moja moja. Papa Jules alimushusha na kumupandisha mara ya mwisho. Kiisha Wabiwa akajifunza mu chumba, hatua sita kutoka ukuta mupaka ukuta, tunageuza, hatua sita, siku yote, mupaka bibi ya Papa Jules akapiga ku mbao: «Muko munatwanga nini humo?» «Barabara ya Mwenga!» Wabiwa akajibu. Kisiki kilivimba, kikatoa malengelenge, kikapona. Mugulu haikulia hata siku moja.

Asubui ya kwenda, mvua ilikuwa imelala siku mbili na ngazi ilikuwa kavu. Maman Wabiwa alitangulia na vitu ku kichwa. Siye tukabaki ku mulango, yeye na fimbo moja, miye na mikono mitupu, na nikainyoosha ili nimushike chini ya kwapa.

«Apana,» akasema. «Uniachie.»

«Ukiteleza?»

«Nitaanguka. Nilisha kuanguka na nilifika.» Akapima ngazi ya kwanza na mugulu ya mugomba, akatia uzito, akaniangalia. «Nsimire, nilikuwa nalala chini ya zile nyuzi. Upepo ikipita zinalia sawa majani makavu. Uzi wa maji haulie, hata miye najua.»

Miye: «Juu ya nini hukusema?»

«Nilikuwa nangoja useme weye.» Akashuka ngazi ya kwanza. Ya pili. «Na juma ya kwanza, nitakuambia kweli, hata miye nilikuwa naogopa hii mulima. Juma ya kwanza ulinisaidia. Zile mbili zingine uliniiba.»

Akaendelea kushuka. Miye nilibaki juu, nashika muti wa mulango. Batu balikuwa banatoka mu nyumba kumuangalia, na hakufunga macho. Maman Furaha alisimama mu mulango yake akaacha kupanguza sahani. Ku kila mufuko ya muchanga Wabiwa anapumzika, anatia fimbo, anatia mugulu, na nilisikiliza, masikio yote, kama kuko mulio wa karanga. Hakukuwa. Alikuwa anakuwa mudogo. Alikuwa amefika ku barabara, penye mama yake anamungoja na vitu, na nikaona anageuka, anaweka mukono juu ya macho juu ya jua, ananitafuta kule juu.

«Nsimire!» Sauti yake ilipanda Cimpunda yote, sikujua kama iko na sauti kubwa vile. «Lori inangoja! Unakuya kuniaga ao hapana? Weye njo uko na migulu mbili ya Mungu, unangoja nani akubebe?»

Batu ba ngazi yote bakacheka. Bibi ya Papa Jules akanisukuma ku mugongo. Nikaachilia ule muti wa mulango, na nikashuka.